Warithi 37, Mafungu Mawili: Mirathi ya Seyyid Said na Uamuzi wa 1861

Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, Gavana Jenerali wa India, alitoa uamuzi katika ugomvi wa ndugu wawili waliokuwa wakivutana juu ya kile alichokiacha baba yao. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Unguja. Baba yao, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa ametawala tangu 1806, kwanza akiwa Oman na baadaye zaidi akiwa Unguja, hadi mauti yalipomkuta. Uamuzi wenyewe ulikuwa mfupi. Majid abaki na Unguja pamoja na milki zote za Afrika; amlipe mtawala wa Maskati riale 40,000 kila mwaka; tena alipe malimbikizo ya miaka miwili, yaani riale 80,000. Vitabu vingi huuweka uamuzi huo katika sura ya diplomasia, mahali ambapo Uingereza, Ufaransa na India ndio wahusika wakuu. Lakini Canning mwenyewe aliuandika kama mtu anayekata shauri la mirathi. Alieleza kwamba malipo yale yasichukuliwe kuwa alama ya Unguja kuitii Maskati, bali ni fidia kwa Maskati kuacha madai yake, na pia ni njia ya kusawazisha tofauti iliyokuwapo kati ya urithi wa ndugu mmoja na urithi wa mwenzake. Tukiipima kauli hiyo kwa sheria ya mirathi iliyowahusu marehemu na watoto wake, haisimami. Kama Unguja ilikuwa urithi, warithi hawakuwa wawili. Na kama haikuwa urithi bali dola, hapakuwa na mafungu ya kusawazishwa.

Tuanze na yale yaliyokuwa urithi bila ubishi. Seyyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 karibu na Shelisheli, ndani ya meli yake Queen Victoria, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Maskati. Aliacha mashamba ambayo binti yake Salme anayahesabu kuwa 45, majumba, meli za biashara, fedha na vito. Aliacha pia watumwa, na hilo lisipitwe kimya: sehemu kubwa ya thamani ya mashamba yale ilikuwa jasho la watu ambao wao wenyewe walihesabiwa katika orodha ya mali. Kwa mujibu wa Salme, watoto waliokuwa hai siku ile walikuwa 36, wavulana 18 na wasichana 18. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mke mkuu, Azza binti Seif, ambaye hakujaaliwa mtoto. Wote mama zao walikuwa masuria. Wageni wa Ulaya waliposikia hivyo walidhani ni watoto wa hadhi ya chini. Sheria ya Kiislamu haikuwa na dhana hiyo. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto huru na halali, na fungu lake halipungui hata kidogo. Wala mkubwa hapati zaidi ya mdogo.

Utaratibu wa kugawa ulijulikana na kila mwenye elimu kidogo ya fiqhi. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja ya kilichobaki, na wosia huo haumfai mtu ambaye tayari ni mrithi ila warithi wenzake waridhie. Kinachobaki hugawanywa kwa mafungu. Tukichukua kwamba mjane wa ndoa alikuwa Azza peke yake, anapata thumni, na watoto wanagawana saba ya nane zilizobaki, mvulana akipata mara mbili ya msichana. Hesabu yake inakaa vizuri kabisa: mali ikikatwa vipande 432, mjane anachukua 54, kila mvulana 14, kila msichana 7. Thuwaini, aliyekuwa mkubwa kati ya waliobaki hai, anapata 14. Majid anapata 14. Mvulana aliye bado mapajani mwa mama yake anapata 14. Salme alikuwa na miaka 12 hivi. Anasimulia kwamba alitangazwa kuwa amefikia utu uzima ili akabidhiwe fungu lake, nalo lilikuwa shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Kitabu chake hakifichi kwamba baada ya kifo cha baba ndugu walinuniana na kutengana. Hata hivyo, minung'uniko ile juu ya mikarafuu na minazi haikumfanya yeyote apakie askari melini. Mali iliyokuwa na sheria yake iligawiwa, kila mtu akaenda zake.

Merikebu za vita ziliandaliwa kwa ajili ya kitu kingine ambacho orodha ya mirathi haikuwa na mahali pa kukiweka. Unguja ya Seyyid Said haikuwa na mpaka ulio wazi kati ya mfuko wa mtu na hazina ya dola. Ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, matajiri wa Kihindi waliomlipa mtawala kiasi maalumu kwa mwaka na kujikusanyia wenyewe bandarini, na nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkopesha anapopungukiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1850 kodi hiyo ilikuwa karibu riale 200,000 kwa mwaka. Je, fedha hizo zilikuwa za Said bin Sultan au za baitulmali? Na meli za kivita zilizobeba mizigo ya biashara pasipokuwa na vita zilikuwa za nani? Wakati wa uhai wake hakuna aliyeuliza, kwa kuwa jibu halikumgusa mtu. Alipokufa, swali hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na bado halikuulizwa. Majid alipofariki mwaka 1870 jambo lile lile lilijirudia: nyumba ya Jairam ilimdai Barghash, mtawala mpya, deni kubwa la kaka yake. Kama lilikuwa deni la marehemu, lilipaswa kulipwa kutoka katika mali ya marehemu kabla ya warithi kugusa kitu. Kama lilikuwa la dola, mtawala mpya alilibeba kwa cheo chake. Wadai hawakuhitaji kuchagua, na kwao utata huo ulikuwa na faida.

Wapo watakaosema kwamba Seyyid Said mwenyewe alikwisha kulikata shauri. Mwaka 1844 alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba baada yake mwanawe Khalid atakuwa mtawala wa milki za Afrika na Thuwaini wa Oman. Hilal, mtoto wake mkubwa, aliachwa nje. Mwaka uliofuata akafunga safari hadi London kudai haki yake, akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo, husemwa, kugawa milki kulikuwa nia ya marehemu, na Canning aliitimiza tu. Hoja hii ina uzito wake, kwani inaonyesha kwamba mzee aliona mapema kuwa dola yenye bahari katikati ingekuwa ngumu kushikwa na mkono mmoja. Lakini barua kwa waziri wa nchi ya kigeni si wosia. Haikuwekwa kwa kadhi, haikuwafunga warithi, na lau ingekuwa wosia ingekwama palepale, maana wosia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya wenzake. Zaidi ya hapo, Khalid alikufa 1854, miaka miwili kabla ya baba. Majid aliyeshika nafasi yake Unguja alikuwa kaimu wa baba yake wakati baba yuko safarini, na ukaimu humalizika anapokufa aliyekukaimisha. Kwa mila ya Oman yenyewe, hasa kwa Waibadhi, uongozi haukuwa shamba la kuachiwa mtoto. Ulihitaji kukubaliwa na wakubwa wa makabila, na mara nyingi ulikuwa wa yule aliyeweza kuuchukua na kuushika.

Barghash alilifahamu hilo kuliko wote. Alikuwa melini baba alipofariki. Badala ya maiti kuzikwa baharini ilihifadhiwa hadi Unguja, na ndani ya siku chache Barghash alishuka usiku, akamzika baba yake kimyakimya, na akajaribu kuitwaa ngome kabla Majid hajapata habari. Msimamizi wa ngome alikataa kuitoa. Lau angekubali, wanahistoria wangekuwa wakieleza leo kwa nini haki ilikuwa ya Barghash.

Majid alipotangazwa Unguja, Thuwaini hakukubali kwamba Afrika imemponyoka. Mwaka 1857 alimtuma binamu yake, Muhammad bin Salim, wakafikia mapatano: Majid atatuma riale 40,000 kwa mwaka. Hapo ndipo ilipozaliwa tarakimu ambayo Canning aliikuta na kuiandika upya. Lakini mapatano hayo hayakueleza riale zile ni nini. Thuwaini alisema ni kodi ya mtu wa chini kwa mkubwa wake. Majid alisema ni msaada wa ndugu kwa ndugu, tena wenye masharti, likiwamo sharti kwamba Thuwaini asimguse ndugu yao Turki aliyekuwa Sohar. Thuwaini alipomwandama Turki, Majid akafunga mkono. Mwanzoni mwa 1859 Thuwaini alipandisha jeshi melini kuelekea Unguja. Meli ya kivita ya Waingereza, Punjaub, ilimkuta karibu na pwani ya Oman ikiwa na ujumbe kutoka kwa gavana wa Bombay: arudi, na shauri lake lipelekwe kwa Gavana Jenerali wa India. Akarudi. Mwaka huo huo Barghash, akisaidiwa na Waarabu wa ukoo wa Harthi, alimwasi Majid. Wanamaji wa Kiingereza wakamsaidia Majid kuwavunja, na Barghash akapelekwa Bombay. Kwa hiyo msuluhishi alipokaa kusikiliza, mmoja wa wagombea alikuwa amekwisha kurudishwa kwao na manowari yake, mwingine alikuwa uhamishoni chini ya ulinzi wake, na wa tatu alikuwa bado yuko Unguja kwa sababu ya askari wake.

Uchunguzi alikabidhiwa Brigedia William Coghlan, mwakilishi wa Uingereza huko Aden, akisaidiwa na mchungaji George Percy Badger aliyejua Kiarabu. Mwaka 1860 walikwenda Maskati, kisha Unguja. Ni lazima kukiri kwamba kazi yao ilikuwa ya bidii. Walisoma historia ya watawala wa Oman na wakatambua jambo ambalo wengi wa wenzao hawakuliona: kwamba huko hapakuwa na sheria ya mzaliwa wa kwanza kurithi kiti. Madai ya Thuwaini kwamba ukubwa wake unampa milki yote yaliondoka hapo hapo. Walitoa pia hoja ya pili, kwamba watu wa Unguja walikuwa wamemchagua Majid, na uchaguzi ndio mila. Hoja hii ya pili ni dhaifu zaidi. Waliomchagua walikuwa wakubwa wa Kiarabu waliokuwa upande wake. Waharthi, waliokuwa na nguvu na mashamba, walikwisha kupigana dhidi yake. Na Mwinyi Mkuu wa Dunga, ambaye ukoo wake ulikuwa Unguja kabla ya Seyyid Said kufikiria kupanda karafuu, hakuwamo kabisa katika ubishi. Hakuna aliyekuwa akiuliza Unguja ni ya nani. Kilichoulizwa ni mwana yupi wa Said.

Hata hivyo, tukiikubali ripoti kama ilivyo, tunaona pale fikra ilipokatika. Coghlan alijenga haki ya Majid juu ya uchaguzi na kukubaliwa, yaani juu ya misingi ya dola. Kwa misingi hiyo Majid hakuwa na deni kwa mtu. Mtawala aliyechaguliwa na watu wake halipi ndugu yake kwa sababu ndugu huyo alichaguliwa kwingine kwenye mapato madogo. Lakini uamuzi ulipofika kwenye fedha ulihama, ukaanza kuzungumza lugha ya mirathi: Unguja ni tajiri, Maskati ni maskini, basi mwenye fungu nono ampunguzie mwenzake. Riale 40,000 zilikuwa karibu sehemu moja ya tano ya ushuru wa forodha, si zawadi ya sikukuu. Na kama kweli ushuru wa Unguja ulikuwa fungu la urithi linalostahili kusawazishwa, kwa nini usawazishaji uishie kwa wawili? Turki alikuwa na vipande vyake 14. Barghash huko Bombay alikuwa na 14. Salme na dada zake walikuwa na 7 kila mmoja. Hakuna kitabu cha fiqhi, cha Kiibadhi wala cha Kishafii, kinachowaruhusu warithi wawili wagawane nyumba kisha wasawazishane wao kwa wao huku warithi wengine zaidi ya 30 wakitazama.

Mtetezi makini wa Canning ana jibu. Atasema fiqhi yenyewe inaruhusu mrithi kutoka katika mirathi kwa kupewa kitu kingine badala ya fungu lake, wenzake wakiridhia. Basi Thuwaini alitoka katika Afrika, na riale 40,000 ndizo badala yake. Tena pande zote mbili ziliandika kuukubali uamuzi mwaka huo huo wa 1861. Ni utetezi mzuri kuliko ule ambao Canning mwenyewe aliutoa, lakini nao haufiki mbali. Suluhu ya namna hiyo ni ya watu wanaorithi, inahusu fungu linalojulikana, na wakishamalizana wamemalizana. Uamuzi wa 1861 ulitamka kinyume chake: kwamba malipo si jambo la Majid na Thuwaini binafsi, bali ni mpango wa kudumu utakaowafunga watawala watakaokuja baada yao. Watu wawili walioachiwa mali hawawezi kuwaandikia deni la milele watu ambao bado hawajazaliwa. Dola zinaweza kufungana hivyo, ndiyo. Lakini hapo tumerudi kwenye mkataba wa mataifa, na neno urithi limebaki kama kanzu iliyovikwa mtu asiye na kipimo chake.

Ipo pingamizi nyingine iliyo nzito zaidi: kwamba bila uamuzi ule kungekuwa na vita. Sioni namna ya kuikataa. Jeshi la Thuwaini halikuwa la maonyesho, na watu wa Unguja wangelipa kwa damu ugomvi ambao haukuwa wao. Mwenye kutathmini kazi ya msuluhishi kwa amani aliyoileta atampa Canning alama nzuri. Lakini amani ile ililetwa na meli Punjaub mwaka 1859, si na hoja za 1861. Hoja zilikuja baadaye kuipa nguvu sura ya haki, na ndiyo maana zilivumilia kupingana zenyewe. Kipimo kingine ni kile ambacho kila familia iliyopitia mirathi inakijua: je, uamuzi ulimaliza mambo, au uliacha mlango ambao aliyeamua ndiye mwenye ufunguo?

Mwezi Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitangaza pamoja kuheshimu uhuru wa watawala wote wawili. Miaka minne baadaye, Februari 1866, Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe Salim. Majid akakataa kumlipa Salim: riale zile, alisema kwa vitendo, hazikuwa za muuaji wa baba yake. Msimamo wake uliendana barabara na kanuni ya mirathi, kwani aliyemuua anayemrithi hupoteza urithi. Kama malipo yalikuwa kweli usawazishaji wa mafungu, Majid alikuwa na haki. Lakini Canning alikwisha kusema ni ya kudumu na si ya mtu, na kwa maneno hayo Salim alikuwa na haki, maana ndiye aliyekikalia kiti. Uamuzi mmoja ulizaa majibu mawili, kila moja likiwa sahihi. Serikali ya India ikalazimika kuingia tena kati, kisha tena Salim alipopinduliwa na Imamu Azzan bin Qais mwaka 1868, kisha tena Turki alipotwaa Maskati 1871. Mwaka 1873, Bartle Frere alipotumwa kuwabana watawala hawa wakomeshe biashara ya watumwa, Waingereza walichukua jukumu la kuzilipa riale 40,000 kwa Maskati wao wenyewe. Turki aliweka sahihi mkataba wake mwezi Aprili, na Barghash wake tarehe 5 Juni. Tangu hapo mtawala wa Maskati alipata kile kilichoitwa fidia ya urithi wa baba yake kutoka kwa serikali iliyoweza kukizuia siku asiyoipendeza.

Kesi ya Salme inaonyesha upande wa pili, ule wa mali binafsi, ambao hadi hapo ulikuwa umetulia. Aliondoka Unguja 1866, akabatizwa Aden 1867 kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870, naye akabaki na watoto wadogo na mapato haba. Alipodai haki zake, Barghash hakutaka hata kumwona: amekwisha kutoka katika dini, hana chake. Shauri hili lilihitaji kupambanuliwa kuliko pande zote mbili zilivyotaka. Mtu wa dini nyingine hamrithi Mwislamu, kwa hiyo katika mali ya ndugu waliokufa baada ya 1867, kama Majid, Salme hakuwa na fungu. Lakini baba alikufa 1856 na mama 1859, wakati yeye ni Mwislamu bila shaka, na mafungu yale yalikwisha kuwa mali yake mwenyewe. Je, aliyeacha dini hupoteza alichokwisha kumiliki? Wanazuoni hawakubaliani: wapo wanaosema kinabaki chake, wapo wanaosema mali yake husimama hadi atubu au afe. Hilo ni swali halisi la kisheria, la aina ambayo makadhi wa Unguja walikuwa na uwezo wa kulichambua.

Halikupata nafasi hiyo. Mwezi Agosti 1885 Salme alifika Unguja na meli za kivita za Ujerumani, wakati Bismarck alipokuwa akimshinikiza Barghash ayakubali madai ya Wajerumani bara. Dai la mjane likawa kijiti katika mkono wa Chansela, na baada ya Barghash kulegea kwa habari ya bara, Berlin haikuwa na haja tena na mashamba ya binti wa Said. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka uliofuata. Alirudi tena 1888, Barghash akiwa ameshakufa na ndugu yao Khalifa akiwa ndiye anayetawala, akaondoka bila kupata alichokifuata. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, ilhali mafungu ya 1856 na 1859 yalikuwa bado hayajatenganishwa na yale ya baada ya 1867.